Aliyeitika Kwenye Bwawa la Jinja

Muhamadi alijua wanakwenda Jinja kutembea. Hajarah, mkewe, alijua wanakwenda kumchukua mtu. Gari lilikuwa moja, safari mbili, na gari lenyewe halina habari, linameza petroli tu.

Ilikuwa Idi pili, mwaka ule sukari ilipopotea madukani na mvua ikapotea mashambani. Kutoka Busia mpaka Tororo nchi ilikauka ikawa kama ngozi ya ngoma. Mihogo ilisinyaa ardhini, visima vikatoa tope. Basi watu wa mjini wenye gari, wakipata sikukuu, walisema, "Twendeni Jinja tukaone maji." Kule bwawani maji yalikuwepo bado, yanamwagika usiku na mchana kuzungusha mitambo ya umeme, na watu walisimama kuyatazama kama wanavyotazama harusi ya tajiri.

Muhamadi alikuwa msafirishaji. Lori lake lilibeba samaki kutoka Majanji na pamba kutoka vijijini, na nyumbani alikuwa na gari kuukuu la Pijo la kubebea familia. Maneno yake yalikuwa mengi kuliko mizigo yake. Watu wa Tororo walikuwa na msemo: ukimwona Muhamadi amenyamaza, mkimbize hospitali.

"Mama Zulaika," aliuliza asubuhi ile akifunga vifungo vya kanzu, "huyu Proscovia naye anakwenda kutembea? Mume wake hajulikani alipo, yeye anakwenda kuangalia maji?"

"Ndiyo maana," Hajarah alisema, macho kwenye sufuria ya pilau anayoifunga kitambaa. "Amekaa ndani mno. Apate hewa."

Hakusema uongo. Alisema nusu, na nusu nyingine ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki ngege.

Proscovia alikuwa rafiki yake tangu siku walipojifungua wodi moja. Mumewe, Ogwang wa Kisoko, alinunua samaki Majanji na kuwauza Tororo. Siku nyingine alipakia kwenye lori la Muhamadi, siku nyingine alifunga kapu kwenye baiskeli. Siku ya baiskeli ndiyo wanajeshi walimsimamisha njiani. Hakuna aliyejua kosa lake, na wakati ule hakuna aliyeuliza. Baiskeli ilibaki imelala pembeni mwa barabara na samaki wake mpaka wakanuka, na hata mwizi hakuigusa. Miezi ikapita. Kisha ndugu mmoja anayefanya kazi Jinja akaja kimyakimya, akasema amemwona Ogwang na shati lake la mistari juu ya lori la jeshi, na lori linaelekea bwawani jioni. Akasema hivyo, akaomba maji ya kunywa, akaondoka bila kukaa.

Lori likielekea kule, kwenye maji yasiyorudisha mtu, watu hawakuulizia tena. Walianza kutafuta tunda.

Kwa kina Ogwang, mtu akipotea na mwili wake usionekane, huzikwa tunda la mwegea, lile refu zito ambalo wenyewe huliita yago. Linavikwa nguo nyeupe, linalazwa kaburini, linaliliwa kama mtu. Lakini tunda haliwi mtu hivihivi. Kwanza lazima aitwe. Mkewe anakwenda pale alipopotelea, anaita mara tatu: jina lake, na maneno "twende nyumbani." Mara ya tatu, mtu aliyekula naye anaitika badala yake. Basi huyo aliyeitika ndiye amembeba. Hasemi neno na mtu yeyote mpaka amfikishe mbele ya mama yake. Na mara ya tatu ikipita bila mwitikio, hakuna ya nne. Marehemu amebaki huko, na huko nyumbani watazika chakula cha nyani.

Mama mzazi wa Ogwang, Mama Apendi, alikuwa amekaa kwenye mlango wa nyumba yake Kisoko tangu habari ilipofika. Hali chakula, halali usingizi. Alisema neno moja tu: "Mniletee mtoto wangu, nife."

Nani angekwenda kuitika? Ndugu zake wawili walikuwa wamevukia Kenya kwa njia za panya. Proscovia peke yake, mwanamke wa kijijini, amesimama bwawani anaita watu majini, asingerudi. Hapo ndipo Hajarah alipofungua mdomo. Walikuwa jikoni kwake, wanakata vitunguu.

"Idi hiyo inakuja," alisema. "Sisi Waislamu, na kanzu zetu na watoto wetu, siku ya Idi barabarani hatusumbuliwi sana. Nitamwambia Baba Zulaika atupeleke kutembea. Wewe utaita. Mimi nitaitika."

"Dada, unajua unachosema?"

"Nimekula samaki wa Ogwang miaka mingapi? Nitaitika."

Jikoni, mkono kwenye kitunguu, neno ni jepesi. Lakini Hajarah hakumwambia Muhamadi. Si kwamba mumewe alikuwa mtu mbaya. Mdomo wake ndio ulikuwa hauna mlango. Tena angekataa, na angekuwa na haki ya kukataa.

Basi asubuhi ile ya Idi wakaondoka. Mbele Muhamadi, na Hajarah pembeni yake amempakata binti yao Zulaika, mwenye gauni jipya la rangi ya machungwa. Nyuma Proscovia na sufuria ya pilau. Muhamadi aliongea Tororo mpaka Bugiri, Bugiri mpaka Iganga. Aliongea habari za tairi, za bei ya sabuni, za shehe aliyesinzia akihutubia. Kwenye kila kizuizi alitoa kichwa dirishani: "Idi mubarak, afande! Onja kaimati ya mke wangu, lakini ukioza meno usinitafute!" Wanajeshi walicheka, wakala, wakapisha. Kila mara Hajarah aligeuka kidogo kumtazama Proscovia. Proscovia alikuwa anatazama vidole vyake.

Walisikia bwawa kabla hawajaliona. Sauti ilianza kama lori la mbali, halafu ikawa ndani ya kifua cha mtu.

"Haya, maji hayo!" Muhamadi alisema, akaegesha gari karibu na nyasi ambapo familia nyingine za Idi zilikuwa zimetandika mikeka. "Kwetu tunachimba tope, hapa yanachezewa."

Upande wa juu maji yalikuwa yamelala, mapana, yametulia kama shuka iliyopigwa pasi. Upande wa chini yalitoka kwenye milango ya saruji kwa hasira, meupe, yanapiga kelele, yanarusha manyunyu mpaka barabarani. Katikati ulikuwa ukuta, barabara juu yake, na wanajeshi. Mmoja alisimama mwanzo wa ukuta, mwingine alitembea kwenye ukingo, bunduki imelala begani kama jembe. Kibao kilisema picha hazipigwi.

Zulaika alikimbia kwenda kwenye manyunyu akicheka. Muhamadi akamfuata, ameshika pindo la kanzu. Ndipo Proscovia akamshika Hajarah kiganja.

"Pale," alisema. "Pale kwenye chuma, ambapo maji yanatokea."

"Watu ni wengi."

"Wakiwa wengi ndiyo vizuri. Sauti itapotea kwenye sauti."

Wakatembea taratibu kama wanawake wanaotembeza shibe. Kwenye vyuma vya ukingo kulikuwa na nafasi. Muhamadi alikuwa hatua chache pembeni, amembeba Zulaika amwone samaki anayeruka. Manyunyu yaliwalowesha vilemba. Proscovia alishika chuma kwa mikono miwili, akavuta pumzi.

"Ogwang!" aliita. "Ogwang, twende nyumbani!"

Sauti haikuwa kubwa, lakini haikupotea kama alivyodhani. Ilikuwa na kitu ndani yake. Mama mmoja mwenye mkeka aligeuka. Muhamadi naye akageuka, na Hajarah akaona uso wa mumewe ukibadilika, kicheko kikiondoka polepole kama maji yanavyoondoka kwenye beseni lililotoboka.

"Ogwang! Twende nyumbani!"

"Wewe mama!"

Mwanajeshi wa ukingoni alikuwa anakuja. Hakukimbia. Alikuja kama mtu mwenye siku nzima.

"Naita nani? Nani iko kwa maji?" aliuliza kwa Kiswahili cha kambini.

Mara mbili zilikuwa zimekwisha kuitwa. Imebaki moja. Proscovia aliyabana meno, macho majini, hageuki. Hajarah alijua zamu yake imefika. Aseme kitu kwanza, aseme tunamwita mtoto, aseme lolote. Halafu mara ya tatu aitike. Akafungua mdomo. Ulimi ulikuwa umekufa. Aliona mtutu wa bunduki, aliona kifungo kimoja cha shati la mwanajeshi kinachoning'inia kwenye uzi, na akili yake yote ikakaa kwenye kifungo kile.

"Nauliza! Ogwang ni nani?"

"Ni mimi, afande."

Muhamadi alikuwa amemshusha Zulaika. Alisogea akifuta manyunyu usoni, na alikuwa anatabasamu, lakini Hajarah aliyemjua aliona shavu lake la kushoto linacheza.

Mwanajeshi akamwangalia kofia, akamwangalia kanzu. "Wewe? Ogwang gani navaa kofia?"

"Nimesilimu, afande. Tangu Mfungo. Sasa mimi ni Muhamadi, hata kwenye leseni yangu ya udereva ni Muhamadi, itazame." Akaitoa. "Lakini huyu mke wangu amenuna. Jina jipya hataki hata kulisikia. Na usoni haniangalii! Akiniita anaangalia ukuta, anaangalia kuku, leo anaangalia maji. Mimi niko huku, yeye ananiita kule."

Mwanajeshi alishika leseni, akaigeuza, akaigeuza tena. Zulaika alimvuta mama yake nguo.

"Mama, kwa nini baba anasema..."

Hajarah alichukua sambusa kutoka kwenye kikapu alichokuwa nacho mkononi, akaijaza yote kwenye kinywa cha mtoto. Mtoto akatoa macho. Akatafuna.

"Na huyu?" Mwanajeshi alimwelekezea Hajarah kidevu.

"Dada yangu," Muhamadi alisema. "Amekuja kutupatanisha. Unaona mwenyewe kazi aliyonayo."

Mwanajeshi akacheka. Kicheko chake kilikuwa cha pembeni mwa mdomo, hakikufika machoni. Akamgeukia Proscovia. "Wewe mama, bwana yako nafuata dini, wewe naleta kichwa ngumu? Geuka hapa. Muite mbele yangu. Muite Muhamadi, nisikie."

Hajarah aliuona mtego. Akiita Muhamadi, ya tatu imekwenda bure. Akikataa, wote wanne wamekwisha. Proscovia aligeuka. Uso wake ulikuwa umelowa, na hakuna aliyeweza kujua ni manyunyu au si manyunyu. Alimtazama Muhamadi.

"Afande," Muhamadi alisema, na sauti yake ilishuka ikawa sauti ambayo Hajarah hakuwahi kuisikia, "nakuomba jambo moja kwa heshima ya Idi. Jina lile nimekaa nalo tangu kuzaliwa. Mama yangu ndiye aliyenipa. Mwache aniite nalo mara moja ya mwisho, niitike, halafu tukifika nyumbani tutalizika. Kutoka hapo hamtalisikia tena hapa."

Mwanajeshi alifikiri. Alitikisa kichwa kama mzee wa baraza. "Haya. Moja tu. Halafu naisha."

Proscovia alisogea mpaka akasimama mbele ya Muhamadi. Alimtazama usoni kama mtu anayetazama mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Ogwang," alisema. Safari hii hakupaza. "Ogwang, twende nyumbani."

"Naam," Muhamadi akaitika. "Nakuja. Twende."

"Hivyo ndiyo ndoa!" Mwanajeshi akamrudishia leseni, akampiga bega. "Endeni. Msisimame hapa tena."

Wakaenda. Muhamadi alitangulia, hakugeuka nyuma, hakuaga. Pilau halikufunguliwa. Walipoingia garini Hajarah alitaka kusema nisamehe, alitaka kusema mengi, lakini alipomtazama mumewe alikuta taya imefungwa kama sanduku.

"Baba Zulaika," alisema mwishowe, karibu na Iganga.

Kimya.

"Baba Zulaika, umekasirika?"

Kimya. Gari lilikuwa linanguruma, na Muhamadi macho barabarani. Hajarah hakujua kimya kile kimetoka wapi. Mumewe alizaliwa Tororo, amezika na watu wa Kisoko mara nyingi kuliko alivyozika na wa kwao. Huenda anajua mzigo aliouchukua na anafuata sharti lake. Au ana hasira ya mtu aliyepelekwa kwenye mdomo wa bunduki akiambiwa anakwenda kula pilau. Moyo wa mtu ni msitu, hata ukilala kando yake miaka kumi. Nyuma, Proscovia aliinama, akanong'ona:

"Dada, usimsemeshe. Yuko na mwenzake."

Lakini mbele kulikuwa na msitu wa Busitema, na kwenye msitu ule kizuizi, na wanajeshi wa zamu ya alasiri pale hawakuwa wa kuchekeshwa na kaimati. Dereva akiulizwa, dereva anajibu. Hajarah alivua mtandio wake uliolowa maji ya bwawa, akaukunja. Muhamadi alipopunguza mwendo, akamfunga kidevuni mpaka utosini kama mtu anayeumwa. Muhamadi hakupinga.

"Natoka wapi?" mwanajeshi aliuliza dirishani.

Muhamadi akatazama mbele.

"Nauliza dereva! Natoka wapi?"

"Jino, afande," Hajarah alisema. Safari hii ulimi ulikuja, sijui ulikuwa umejificha wapi. "Jino limemkamata tangu Iganga, hawezi hata kumeza mate. Tumetoka kutembea Idi, tunarudi Tororo. Mtoto huyu, gari letu hili, pilau hili bado lina moto. Chukua, afande, sufuria nitaifuata siku nyingine."

"Sikuuliza wewe. Bwana, fungua mudomo."

Muhamadi akafungua. Na hapo Mungu akajua kwa nini alimpa mtu huyu kupenda sukari tangu utoto: magego ya nyuma yalikuwa meusi kama makaa. Mwanajeshi akachungulia, akakunja pua. Halafu, labda kwa kutaka kuhakikisha, labda kwa kucheza tu, akampiga kofi la shavu, pale pale penye mtandio.

Machozi yalimtoka Muhamadi yakashuka mpaka kwenye ndevu. Sauti haikutoka. Hata "aa" haikutoka. Zulaika alianza kulia badala ya baba yake.

"Kweli iko na ugonjwa," mwanajeshi alisema, akachukua sufuria. "Pita."

Kutoka hapo Hajarah alijua. Hasira peke yake haifungi mdomo wa Muhamadi hivyo.

Mwamba wa Tororo ulionekana, ukapita, wakachukua njia ya vumbi kwenda Kisoko. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Nyumbani kwa Ogwang hapakuwa na turubai wala ngoma, maana kumlilia mtu aliyechukuliwa ilikuwa kama kumshtaki aliyemchukua. Watu wachache walikaa kivulini kama wanasubiri mkutano wa ushirika. Nyuma ya nyumba, kwenye migomba iliyokauka, shimo lilikuwa tayari, na kando yake limelala tunda, refu, limevikwa shuka nyeupe.

Mama Apendi alikuwa kwenye mlango wake. Proscovia hakumkaribia. Aliyebeba ndiye anayekwenda.

Muhamadi alishuka. Akafungua mtandio wa kichwani, akavua viatu, akatembea peke yake katika ua ule, na watu wote wakasimama. Kanzu yake ilikuwa imekaukia mwilini na kuacha alama za maji. Alipiga magoti mbele ya mwanamke mzee.

"Nani amekuja?" Mama Apendi aliuliza. Macho yake hayakuona vizuri tena.

Hajarah alishika mlango wa gari. Alimwona mumewe akimeza mate mara mbili, kama mtu aliyesahau njia ya kusemea.

"Ni mimi, mama," Muhamadi alisema. "Nimefika."

Mama Apendi alinyoosha mkono, akamgusa kichwa, akamgusa shavu lililovimba. Halafu akafungua kinywa, na kilio kilichokaa miezi ndani yake kikatoka. Pale pale wanawake wakarukia vinu. Vinu vilikuwa vitupu, mwaka ule hakukuwa na cha kutwanga, lakini walitwanga. Mchi juu, mchi chini, watatu wanne kwenye kinu kimoja, ili anayepita barabarani asikie watu wanaotayarisha unga. Chini ya kelele ile wakamlilia Ogwang, wakamzika.

Baadaye, akiwa amenawa udongo mikononi, Muhamadi alikuja kwenye gari. Zulaika alikuwa amelala kiti cha nyuma. Hajarah alisimama mbele ya mumewe kama mwanafunzi.

"Ilikuwa mimi niitike," alisema.

"Najua. Nilikuona ulivyofungua mdomo."

"Sikukwambia kwa sababu..."

"Mama Zulaika." Akaegemea gari, akashika shavu lake. "Kesho nitagomba. Nitagomba mpaka majirani wahame mtaa. Nina maneno ya tangu Jinja mpaka hapa, yote nimeyaweka, hakuna litakalopotea." Akasikiliza vinu. "Leo nipe maji tu."

Hajarah akaingia uani kumwombea maji. Mtungi wa wenyewe ulikuwa karibu mtupu, wakamkingia kikombe kimoja cha maji yenye tope. Akampelekea kwa mikono miwili. Muhamadi alimwaga kidogo chini, kwa ajili ya yule mwingine, kisha akanywa yaliyobaki.